Leseni ya Meneja

4 Machi

Mama, shikamoo.

Usishtuke kupata bahasha ya pili ndani ya mwezi mmoja. Sisi wazima. Mjukuu wako Kidoti ana kikohozi kidogo, si cha kutisha, ila ndicho kilichonizuia kumleta akuone kama nilivyoahidi.

Kuna jambo limetokea. Imetangazwa kwamba mtu yeyote anayefuga nyani, tumbili, kima au chochote cha jamii hiyo nyumbani kwake sharti awe na leseni. Asiyekuwa nayo hadi mwisho wa Mei, mnyama anachukuliwa. Nililisikia tangazo nikiwa kazini, redio iko juu ya meza ya bosi, nikasaga kioo cha miwani ya mteja mpaka kikaharibika. Moyo ulinienda mbio.

Nilimfikiria Meneja, nyani wa marehemu. Nikakumbuka mwanao siku ile wodini, sauti imebaki uzi: "Meneja msimtupe." Mume wangu hakutuachia shamba wala gari, alituachia neno hilo.

Nimekwenda ofisi ya wanyama na fomu nimechukua. Mimi nitaandikwa mwenye mnyama, kwa kuwa ni mjane wa marehemu. Wewe utaandikwa mlezi, kwa kuwa ndiye unayekaa naye. Nitahangaika mpaka ipatikane, Mama. Najua kwako Meneja ndicho kilichobaki cha mwanao ndani ya nyumba ile, na mimi sitakuwa mtu wa kukunyang'anya.

Mbona simu yako haipatikani?

Mkweo


13 Machi

Marahaba mwanangu.

Bahasha mbili si kitu, mtu mzima haogopi bahasha. Simu ilianguka ikafa. Na usinipigie kwa jirani. Yule bwana husikiliza kwa masikio, macho na mdomo, na kabla hujakata simu mtaa mzima unajua tumekula nini.

Habari ya leseni nimeielewa. Ukihangaika wewe, nami nitahangaika. Ulimpenda mume wako, na najua ukimfikiria Meneja unamwona yeye pale karakana, amevaa miwani ya kuchomelea, na Meneja kwenye kile kiti kibovu, mikono kifuani, anawatazama mafundi kama vile yeye ndiye anayewalipa mshahara. Jina alilistahili. Lakini siku zile alibebeka kwa mkono mmoja. Sasa ni dume zima. Akisimama kwa miguu miwili ananifika kifuani. Anakula vizuri. Ana nguvu.

Niandike tu hapo pa mlezi. Nitasema namweza.

Cherehani nimeihamishia jikoni, kuna mwanga zaidi. Sare za shule ni nyingi mwaka huu, vumbi la vitambaa limejaa nyumba nzima, na mtoto mwenye kikohozi hafai kulivuta. Kwa hiyo Kidoti usimlete kwanza. Apone. Na hata akipona, asubiri kidogo.

Mama yako


25 Machi

Mama, shikamoo.

Kidoti amepona. Jana ameniuliza kama Bibi ni mtu kweli au ni sauti ya kwenye simu. Nikacheka, halafu sikucheka.

Masharti ya leseni ni haya. Kizimba kiwe imara, cha chuma, na mlango wake ufungwe kwa nje. Mnyama na mlezi wote wapimwe kifua kikuu. Mlezi aeleze mbele ya afisa kwamba anaingia kizimbani kumlisha mnyama na kumsafishia bila hofu. Afisa atakuja mwenyewe kukagua. Kizimba hakinipi wasiwasi, mume wangu alikichomelea kwa mikono yake na hakuwa mtu wa kazi ya kulipua. Hayo mengine unayaweza?

Jambo jingine, Mama. Jikoni kwako kuna kidirisha kinachomtosha paka. Ni mwanga gani huo uliouhamia?

Nitasema na hili, kwa kuwa kwenye karatasi mtu hakati mwenzake maneno. Baada ya arobaini wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea tangazo la kazi hii ya miwani. Wewe ndiye uliyenifungia mizigo. Sikuuliza kitu, mjane haulizi. Lakini Kidoti ni damu yenu, na kila nikitaja kumleta unapata sababu. Kama kuna kosa nilifanya, niambie.

Mkweo


9 Aprili

Marahaba mwanangu.

Kosa hujafanya. Maneno mengine ya barua yako nimeyaweka pembeni.

Afisa alikuja leo. Kijana mnene, mpole, amevaa ovaroli ya ofisi. Mganga wao wa mifugo yuko likizo, kwa hiyo kipimo cha kifua kikuu kimesamehewa, akaja yeye na kalamu yake. Alikisifu kizimba mpaka nikaona aibu, akakipigapiga vyuma akasema hata simba angelala humo. Meneja akamnyooshea mkono kupitia nafasi ya vyuma wakasalimiana. Wanaume wenye ovaroli anawapenda, nadhani anatafuta mtu.

Afisa akaniuliza, "Mama, unaingia kizimbani bila hofu?" Nikasema bila hofu. Akasema nimwonyeshe. Nikachukua sahani ya viazi nikafungua mlango nikaiweka, nikatoka. Nilijikaza mpaka meno yakaniuma. Meneja akapiga miayo mikubwa, moja, mbili, tatu, na afisa akacheka, akasema hata yeye kazi imemchosha.

Komeo la kizimba amejifunza kulisogeza. Mjanja, kama aliyemlea. Nimelifunga kwa kamba ya viatu, na kufuli nimenunua ila sijapata nafasi ya kuliweka. Afisa sikumwambia, asije akatunyima leseni kwa sababu ya kamba.

Wateja siku hizi wanachukulia sare zao dirishani. Wanasema nimekuwa kama benki.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia mapajani, meza iko mlangoni.

Mama yako


16 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Nisamehe nikiuliza kijinga. Miayo hiyo alikuwa akimpigia nani, afisa au wewe? Marehemu aliwahi kuniambia kwamba nyani akikupigia miayo hana usingizi. Anakuonyesha meno ili uyahesabu. Huenda nimesahau alivyosema. Wewe ndiye unayeishi naye, mimi ni nani wa kukufundisha.

Na kwa nini meza iko mlangoni?

Usiku sipati usingizi vizuri. Ningependa kusema jambo lakini naogopa kukuumiza, kwa hiyo naliacha.

Ofisi wanasema imebaki hatua moja, mwenye mnyama na mlezi watie saini pamoja, mbele ya kizimba, kisha karatasi irudi kwao. Nitakuja Jumamosi tarehe 26. Mama anayenishikia Kidoti amesafiri kwenye msiba, sina pa kumwacha, kwa hiyo tunakuja wote. Amefurahi mpaka amevaa viatu leo na Jumamosi bado.

Mkweo


22 Aprili

Mwanangu,

Usije. Nyumba inapakwa rangi. Saini nitakutumia kwenye karatasi nyingine.

Ukija, njoo peke yako na upitie kwa jirani kwanza. Kidoti usimlete. Nakuomba kama mama. Usimlete.

Mama yako


27 Aprili

Mama,

Barua yako ya tarehe 22 nimeikuta chini ya mlango wangu jana jioni tuliporudi. Ingewahi nisingekuja, na huenda ingekuwa afadhali.

Nyumba yako haijapakwa rangi yoyote. Nimeiona. Nilibisha hodi, Kidoti akaita "Bibi! Bibi!" kwa sauti yake yote. Nikasikia hatua za mbio ndani. Nikasikia mwili umegota mlangoni. Ulikuwa hapo, Mama, nyuma ya ubao tu. Nilikusikia unavyohema. Nikasukuma, ukazuia. Nikasema ni sisi. Ukasema, "Nendeni."

Nikadhani sikusikia vizuri. Ukasema tena, "Nenda na mtoto wako."

Mtoto wako. Kama vile nilimwokota sokoni. Kama vile hana pua ya mwanao usoni pake.

Jirani alikuwa ametoka anatuangalia, mdomo wazi kama ulivyonieleza. Nilimbeba Kidoti tukarudi kituoni. Njia nzima aliuliza Bibi amekasirikia nini. Nikamwambia Bibi anaumwa, ili nisiseme ninalolijua.

Nimeelewa sasa. Ulinifungia mizigo uliponichoka. Umebaki na nyani wako na hutaki mtu mwingine. Karatasi ya leseni kesho nairudisha ofisini na saini yangu, nitawaambia ya kwako itafuata. Mpate leseni mkae, wewe na Meneja. Mimi sitabisha tena mlango huo.

Aliyekuwa mkweo


1 Mei

Kwa mkwe wa mgonjwa wangu,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Barua hii ni ya mama mkwe wako, yeye anasema, mimi naandika, kwa sababu mkono wake wa kulia umefungwa. Barua yako jirani ameileta hapa, nimemsomea. Kuanzia mstari unaofuata ni maneno yake.

Mwanangu, usiruke kwenye basi kabla hujamaliza kusoma. Sifi.

Jumamosi asubuhi kamba ilikatika. Haikuwa mara ya kwanza. Meneja hutoka anapotaka, toka mwezi wa pili anatoka. Huzunguka sebuleni, hufumua mishono, hupanda juu ya kabati. Simu yangu haikuanguka, ililia naye akaja kuitafuta mkononi mwangu. Ndiyo maana nilihamia jikoni. Mlango ule wa jikoni naweza kuuegemeza meza na cherehani. Nalala humo, nashona humo. Mimi mtu mzima nina nyumba yenye vyumba vitatu nakaa jikoni kama panya.

Siku hiyo nilijua umepata barua yangu, kwa hiyo sikuwangoja. Nikasikia hodi. Nikasikia Kidoti. Na yeye akasikia. Sauti za watoto hazipendi, au anazipenda vibaya, sijui. Aliruka kutoka kabatini kwenda mlangoni. Mlango wa mbele anaujua kuufungua, mume wako alimfundisha, tulikuwa tunacheka.

Nilisukuma cherehani nikatoka. Sijui nilikimbiaje, magoti yangu unayafahamu. Nilimpita, nikagota mlangoni, nikaupa mgongo. Nikashika kitasa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akaushika yeye.

(Nimempa maji. Muuguzi.)

Ningepiga kelele ungeusukuma mlango uingie kunisaidia. Nakufahamu. Ungeingia na mtoto kiunoni. Kwa hiyo sikupiga kelele. Niliuma kanga yangu, na nilipopata pumzi nikasema nendeni. Hukuondoka. Ukasukuma. Ndipo nikatafuta neno la kukuchoma. Mtu aliyekasirika huondoka haraka kuliko anayebembelezwa. Nikasema mtoto wako. Nikasikia mmeondoka, na hapo ndipo nilipolia.

Baadaye aliniachia mwenyewe. Alirudi kizimbani, akakaa akiutazama ukuta. Nilimfungia, nikafunga mkono wangu kwa gauni la sare lililokuwa bado halijatiwa vifungo, nikaenda kwa jirani. Yule bwana ninayemsema kila siku ndiye aliyenibeba. Sasa anamlisha Meneja kwa kusukuma sahani na mpini wa ufagio, na kila akimaliza anahadithia mtaa mzima.

Vidole viwili madaktari wanasema havitakunja tena. Cherehani nitaona.

Sikukufukuza, mwanangu. Ulipokuwa umefiwa, nilimwona Meneja anavyomtazama Kidoti kitandani. Kazi ile nilikutafutia ili uondoke uende mbali naye. Sikuweza kukwambia sababu. Ulikuwa unasema msimtupe, msimtupe, kila ukilala. Nilidhani nikisema namwogopa utaona nimemtupa mwanangu mara ya pili. Basi nikasema namweza.

Siwezi. Naogopa. Tangu tumezika naogopa mpaka kivuli cha shuka kwenye kamba.

Muuguzi anasema barua hii atampa dereva wa basi la asubuhi, itafika upesi.

Mama yako


2 Mei

Ofisi ya Leseni za Wanyama

Kwa mwombaji,

YAH: LESENI YA KUFUGA NYANI MMOJA (DUME)

Tunafurahi kukujulisha kuwa maombi yako yamekubaliwa. Kizimba kimeonekana kuwa bora kuliko vyote tulivyokagua mwaka huu, na mlezi ameonyesha mbele ya afisa kwamba anammudu mnyama bila hofu. Saini ya mlezi iliyobaki tumeichukua kwenye fomu ya ukaguzi. Hongereni.

Endapo mtaamua wakati wowote kumkabidhi mnyama kwetu, fikeni ofisini. Aliyepewa leseni atairudisha pamoja na maelezo mafupi ya sababu, yaliyotiwa saini. Bila maelezo hayo hatuna ruhusa ya kumwondoa mnyama mwenye leseni halali.

Afisa Leseni


5 Mei

Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nilipiga simu wodini, wakasema umelala, nikawaomba wasikuamshe. Bosi ameniruhusu kuanzia Ijumaa mchana. Barua hii naipitisha kwa dereva yuleyule.

Yale niliyoyaandika tarehe 27, yachane. Mwambie muuguzi ayachane mbele yako. Nilikuwa upande wa pili wa ubao, Mama. Nilikuwa nakulaumu huku damu yako inanichuruzikia chini ya mlango na sikutazama chini.

Sasa sikiliza langu. Wiki ile ya msiba, nilipokuwa nanyonyesha, Meneja aliingia chumbani akamshika Kidoti mguu. Alivuta. Hakuvuta kwa hasira, alivuta kama mtu anayechukua kilicho chake. Nikavuta na mimi. Nilipiga kofi ukutani akashtuka akaachia. Mguu ulikuwa na alama ya vidole. Nikamvisha soksi ili usione.

Nilimwogopa kuanzia siku hiyo. Kikohozi cha Kidoti mwezi wa tatu hakikuwapo. Cha mwezi wa kwanza pia hakikuwapo. Nilikuwa natunga magonjwa ili nisimlete, na wewe ukitunga vumbi ili asije. Tangazo lilipotoka, nilipoharibu kile kioo, moyo ulienda mbio kwa furaha. Nilidhani watamchukua na hakuna atakayesema ni sisi. Halafu nikakuona wewe, peke yako, na kiti kitupu cha mwanao, nikajiambia siwezi kukufanyia hivyo. Nikaenda kuchukua fomu.

Tumepewa, Mama. Leseni imefika. Iko hapa mezani na muhuri wake, nimeifunika kwa kitambaa kama maiti. Na hawamwondoi mpaka mmoja wetu aandike sababu na aitie saini. Nimeshika kalamu jana na leo. Nikiandika, nasikia ile sauti ya uzi. Nifanyeje?

Mkweo


7 Mei

Mwanangu,

Naandikiwa tena. Muuguzi anasema sisi tungeshaandika kitabu.

Usishike kalamu ukaogopa peke yako. Andika jina langu. Andika hivi: mlezi anamwogopa mnyama. Usiandike wewe umeogopa, wala usiandike Kidoti. Siku nitakapokutana na mwanangu nitamwambia mimi ndiye niliyemtoa Meneja wake. Atanuna. Alikuwa mtu wa kununa tangu mdogo, akinyimwa kitu anakaa chini ya meza. Lakini atanisamehe mimi kabla hajakusamehe wewe, maana mimi nilimzaa. Wewe ulimpenda tu, na mapenzi hayana haki kama ya uzazi.

Waambie wamweke na nyani wenzake. Jirani anasema anapokula anajitazama kwenye sahani ya bati. Nimemhurumia. Kumwogopa hakunizuii kumhurumia.

Fanya hivyo, kisha uje.

Mama yako


8 Mei

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ofisini. Yule afisa mnene alinipa karatasi. Nikaandika ulivyoniagiza, neno kwa neno: mlezi anamwogopa mnyama. Nikaitazama. Nikaona wewe umesimama mlangoni tena umetupa mgongo.

Nikaomba karatasi nyingine. Nikaandika: mimi na mama mkwe wangu tunamwogopa. Nilihisi mwanao yuko nyuma ya bega langu anasoma, na nilimwacha asome.

Afisa alisoma. Akaniuliza ile miayo ilikuwa nini, nikamwambia. Akakaa chini. Halafu akasema panatakiwa saini moja tu. Nikamwambia tuko wawili. Akasema nafasi ni ndogo. Nikatia yangu ndogo, pembeni kabisa, nikabakiza pako.

Amekubali niondoke nayo hadi Jumatatu. Watamfuata Meneja siku hiyohiyo, atapelekwa kwenye hifadhi wanakokaa wenzake.

Karatasi iko kwenye mkoba wangu. Tunakuja Jumamosi, mimi na Kidoti, moja kwa moja wodini. Utatia saini kwa mkono wa kushoto. Hata ukichora mstari tu, nitawaambia hilo ndilo jina lako.

Binti yako